Luku ya Mama

Kuna kipindi nilimlisha mama yangu kupitia tundu la kuchomekea pasi. Nikiwaambia watu hivyo hucheka wakidhani nafanya mzaha, nami huwaacha wacheke kwa sababu kueleza kunachosha. Leo nina nafasi, basi nitaeleza.

Kwetu ni Maisaka, Babati. Baba alijenga nyumba kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, kuta nene kama walivyojenga watu waliotoka juu Mbulu, ambako upepo hauna adabu. Nyumba kubwa ikawa mbele, na uani kukawa na nyumba ndogo ya vyumba viwili. Umeme ulipofika mtaani alivuta mmoja tu. Mita ikakaa kwenye ukuta wa nyumba kubwa, na waya ukapita kwenye bomba chini ya ardhi mpaka uani. Meni swichi ilikuwa moja, naye alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia gari. Alipofariki, nyumba kubwa ikawa ya kaka yangu, mtoto wake wa kiume pekee, aliyekuwa tayari ana mke na watoto. Mama akahamia uani. Alihama kwa miguu yake, kabeba jiko lake, akasema anapenda kule kwa sababu atawaona kuku wake vizuri. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Kiharusi kilimkuta uani hapohapo, anapepeta maharage. Upande wa kulia ukafa. Sauti ilirudi baada ya muda, lakini Kiswahili hakikurudi. Kile Kiswahili alichojifunza ukubwani, sokoni na kanisani, kilifutika chote, ikabaki lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kwa watu wengi wa Babati hilo si tatizo, Kiiraqw kimejaa mjini. Lakini ndani ya uzio wetu, waliokuwa wanakielewa walikuwa wawili tu, mimi na kaka. Mke wa kaka ni mtu wa Kilimanjaro. Watoto wao wanajua Kiswahili na Kiingereza cha katuni. Na kaka ni mtu wa ofisini, anaondoka mapema, anarudi jua likizama.

Mimi nilikuwa Arusha, nimepanga chumba, nina kazi. Nikaacha, nikarudi. Watu walinisifu sana. Walisema binti ana moyo, Mungu atamlipa. Sifa zilikuwa nyingi kweli, ila hakuna aliyeuliza huyo mwenye moyo atakula nini.

Nilipata kazi ya kusikiliza. Sijui niiite nini kingine. Kuna watu mbali huko wanaokusanya sauti za watu wanaozungumza Kiswahili, nami nilikuwa nazisikiliza na kuandika kila kinachosemwa, neno kwa neno, pamoja na kukohoa. Kazi yote inafanyika mtandaoni, moja kwa moja. Mtandao ukikatika, mfumo unakutoa nje, na ukitolewa mara nyingi unaandikiwa onyo. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu mwenye mgonjwa. Ningeweza kuandika huku namsikiliza mama akipumua, nikasimama kumgeuza, nikarudi kwenye kiti.

Tatizo lilikuwa kuta za baba. Intaneti ya waya ilifika sebuleni kwa kaka, ruta ikawekwa juu ya kabati la vyombo, na mawimbi yake yalikufa kabla ya kufika uani. Wifi yangu, namaanisha mke wa kaka, maana ile nyingine haikuwahi kufika kwetu, aliniambia nikae sebuleni kwake nifanye kazi. Nilijaribu. Televisheni ilikuwa inaunguruma, na mama akiita kule nyuma sisikii. Siku moja nilimkuta amelowa na amelia, nikaapa sitakaa tena sebuleni kwa mtu. Bando za simu nazo zilikuwa hivyo hivyo: chumbani kwa mama simu ilionyesha alama moja, na hiyo moja ilikuwa ya kutuonea huruma. Nikamwomba kaka asaini ili nami nivutiwe laini yangu uani, kwa kuwa kampuni inataka sahihi ya mwenye kiwanja.

"Tutaona, mdogo wangu," alisema.

Kwetu "tutaona" ni hapana iliyovalishwa nguo za kanisani. Sikumwomba tena.

Mfanyakazi mwenzangu, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, ndiye aliyeniambia kuhusu vile vifaa. Vinauzwa viwili viwili, kama plagi nene zisizo na waya. Kimoja unakichomeka kwenye soketi karibu na ruta na kukiunganisha nayo kwa kawaya kafupi. Cha pili unakichomeka kwenye soketi yoyote ya nyumba hiyo hiyo, na mtandao unasafiri ndani ya nyaya za umeme zilezile zinazowasha taa. Mjini Babati nilizunguka maduka yote ya simu, muuzaji mmoja akaniapia kwamba kitu hicho hakipo duniani. Vililetwa kwa basi kutoka Arusha, vimefungwa kwenye boksi la sabuni. Nikaviita mapacha.

Siku ya kwanza havikufanya kazi. Nilikuwa nimechomeka cha uani kwenye ekstensheni, pamoja na kile kisanduku cha kulinda friji, na mapacha hawapendi kupitia kwa mtu. Wanataka ukuta wenyewe. Chumbani kwa mama soketi ya ukutani ilikuwa moja, ya pasi, nyuma ya kitanda. Nikakisogeza kitanda na mama yumo, naye akicheka kwa upande mmoja wa uso, akiuliza tunahamia wapi tena. Nikachomeka. Taa ikawa nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu. Mama akauliza ni nini, nikamwambia kazi yangu sasa inapita ndani ya ukuta, inatoka nyumbani kwa kaka.

Alikitazama kile kidude kwa muda.

"Kumbe bado kuna kitu anatuletea," akasema kwa lugha yetu.

Nilicheka. Nilikuwa na furaha, ndiyo maana nilicheka.

Tuliishi hivyo, na naweza kusema tuliishi vizuri. Mtandao ule ulikuwa na tabia zake. Umeme ukiwa na shughuli nyingi, wenyewe unachoka, na kwa hiyo nilikuwa najua mambo ya nyumba kubwa bila kuinua shingo. Sauti zikianza kukatika asubuhi, najua kaka anapigiwa pasi shati. Zikikatika mchana, wifi anasaga juisi. Zikizama kabisa kwa kitambo, pampu inapandisha maji kwenye tangi. Mama naye alizoea. Nikishika kichwa tu, ananiuliza, "Ni pasi au maji?" Kwa mtu aliyekuwa amelala chali tangu asubuhi, ule ulikuwa umbea wa kutosha. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mama yangu, na mama alikuwa na mtu wa kuongea naye. Sikuwa naomba kitu kingine.

Kisha luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia.

Wifi alikuwa ameanza kuuza barafu na juisi, na friza lilikuwa halizimwi. Yuniti zikawa zinaisha haraka. Mtu akiona yuniti zinaisha haraka hatafuti kitu kikubwa alichokizoea, anatafuta kitu kigeni. Siku moja alikuja mpaka uani, kanga begani, akasimama mlangoni.

"Wifi, kile kidude chako nimekishika. Kina joto."

"Ni kawaida yake, wifi. Kinakula kidogo, hata taa ya barazani inakizidi."

"Taa ya barazani tunaizima. Kile hakizimwi."

Ni kweli hakikuwa kinazimwa. Na kwa haki, kitu chenye joto kinakula umeme, hakuna mtu wa Maisaka asiyejua hilo. Ila friza nalo lilikuwa na joto mgongoni, na hilo hakulishika.

Kuanzia hapo pacha wa sebuleni akawa anachomolewa. Niko katikati ya kazi, taa inakuwa nyekundu. Navuka uwanja, nabisha hodi, nasalimia, nauliza watoto wamelalaje, nakuta chaja ya simu imechukua nafasi yake. Naomba samahani, namrudisha pacha, narudi kukuta onyo kwenye kompyuta. Kila mara nilikuwa nikiomba samahani mimi. Mpaka leo sijui samahani ile ilikuwa ya nini.

Kaka hakusema neno. Huyo ndiye kaka yangu. Hajawahi kumwambia mtu neno baya, na watu wanampenda kwa hilo. Ndiye aliyelipa hospitali. Ndiye aliyejenga njia ya saruji ya kupitishia kiti cha magurudumu cha mama, na aliijenga vizuri. Kusema "mnanimalizia umeme" kwa mama yake mzazi mgonjwa asingeweza, aibu ingemuua. Akatafuta njia ya kusema hivyo hivyo na bado akashukuriwa.

Nilijua mapema, kwa sababu fundi alikuja kupima ukuta wetu. Nikamsubiri kaka barazani jioni, akiwa anavua viatu.

"Kaka, nasikia mama anawekewa luku yake."

"Ndiyo. Awe huru."

"Ukitenganisha mita, kazi yangu inakufa. Vile vifaa vinaongea ndani ya nyaya za meni swichi moja. Mita zikiwa mbili, ni nyumba mbili. Havisikilizani tena."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kiatu kimoja mkononi. Akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali, kichwa cha mtu mwelewa.

"Nimekuelewa," akasema.

Nimekifikiria sana kile kichwa. Kama hakuelewa, kwa nini alikitikisa? Na kama alielewa, basi afadhali angenipiga kofi.

Jumapili iliyofuata kikaitwa kikao cha familia. Kwetu zawadi kubwa haitolewi kimyakimya. Baba mdogo alikuja kutoka Dareda kuwa mwenyekiti, mashangazi wakaja, majirani wawili watatu, kreti ya soda, sala ya kufungua. Mama akatolewa uani kwenye kiti chake, amevishwa vizuri, akawekwa katikati yangu na kaka. Kaka akasimama. Alizungumza kwa upole, akasema mama yetu amehangaika na sisi wote, akasema haipendezi mama mzima aishi kwa umeme wa kuomba kwa mtoto, na kwamba yeye ameona ampatie luku yake mwenyewe, yenye namba yake mwenyewe, ukutani kwake mwenyewe. Wakapiga makofi. Shangazi mmoja akafuta machozi.

Mama akaniegemea. Sauti yake ilikuwa ndogo, tuliomsikia ni mimi na kaka tu.

"Nani amekufa?" aliuliza. Alikuwa ameona watu wengi.

Kaka akainama kwake, akamshika bega, kisha akawageukia watu akitabasamu.

"Mama anasema Mungu awabariki wote."

Makofi tena. Nikasimama. Nikasema nashukuru, ila kuna jambo moja la kiufundi. Nikaeleza mapacha, nyaya, meni swichi. Nikaona nyuso zikinitazama kama zinavyomtazama mtoto anayeeleza ndoto. Baba mdogo aliniacha nimalize. Akatoa simu yake mfukoni, akaiinua juu ili wote waione.

"Mwanangu, hii ina waya?"

"Haina, baba mdogo."

"Na mtandao inapata. Mtandao unapita hewani, mwanangu. Hivyo vya kupita kwenye umeme vingetupiga shoti."

Walicheka, kicheko kizuri tu kisicho na ubaya. Nikasema tena, kwa sauti ya juu kidogo, na hapo ndipo nilipokosea mbele yao, kwa sababu binti hapandishi sauti kwenye kikao kaka yake akitoa zawadi. Baba mdogo akakunja uso.

"Mama yako hawezi kusema. Wewe ndiye mdomo wake. Mshukuru kaka yako kwa niaba yake, tufunge kwa sala, watu wanywe soda."

Watu wazima wote wananitazama, mama kanishika kidole. Nikageuka kwa kaka.

"Asante, kaka," nikasema. "Kwa niaba ya mama."

Alinikumbatia. Alikuwa na machozi kabisa, na nadhani yalikuwa ya kweli.

Mita ikafungwa wiki hiyo hiyo, na laini mpya ikashushwa kutoka nguzoni mpaka ukutani kwa mama. Taa ya pacha ikawa nyekundu. Fundi alipoona nimekaa chini ya soketi kama mtu wa msibani, aliniambia pale nguzoni tumeunganishwa kwenye waya mwingine kabisa, nisitegemee kitu. Kuna wakati iliwaka kijani kwa dakika chache, ikazima, na hiyo ilinitesa zaidi kuliko ingekuwa imekufa kabisa. Nikanunua waya mrefu wa mtandao, nikaufunga juu ya kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha la sebule mpaka uani. Ulifanya kazi. Kaka akasema kwa upole kwamba uwanja umekuwa kama kibanda cha kuchajia simu. Halafu ikaja sherehe ya kipaimara ya mtoto wake, watu wa maturubai wakaja kusimika nguzo zao, wakaukata. Nikaambiwa utarudishwa sherehe ikipita. Sherehe ilipita, na kabla hata vyombo vya kukodi havijarudishwa, waliokuwa wakinipa kazi waliniandikia kwamba hawanihitaji tena. Waliandika kwa adabu sana.

Nilikaa Babati nikitafuta. Nilijaribu kuuza mboga, nilijaribu kufundisha watoto masomo ya jioni. Dawa za mama hazikuwa zinasubiri. Kazi iliyopatikana ilikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba kikubwa chenye kiyoyozi, kupokea simu za watu wanaolalamika kwamba mtandao wao unakatika. Nawaambia pole, nawaambia wachomoe ruta waichomeke tena. Sijui aliyenipangia maisha yangu alikuwa anafikiria nini.

Nilitafuta mtu wa kumuuguza mama anayejua lugha yetu, sikupata, ilikuwa msimu wa kulima na kila mwenye nguvu alikuwa shambani. Nikampata dada mmoja wa Singida, mtu mzima mwenye watoto wake, mpole, msafi, mwenye mikono mizuri ya kumwinua mgonjwa. Kiiraqw hajui hata salamu. Tukapanga hivi: kila asubuhi na kila jioni ananipigia, anaweka simu sikioni kwa mama, mama anasema, nami namwambia dada. Anataka maji. Anataka dirisha lifungwe. Anasema chumvi imezidi. Anauliza kuku yule mweupe kama ametaga. Yuniti za mama nikawa nanunua mimi, natuma zile tarakimu kwa dada, anazibonyeza kwenye mita. Nilikuwa mdomo wa mama yangu kutoka Dar, kama nilivyoteuliwa na kikao.

Halafu kukawa na siku simu haikuja. Nikapiga, haipatikani. Jioni haipatikani. Nikampigia kaka.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Simu yake iko hapa sebuleni inachaji. Kule kwenu umeme umeisha, akamwachia wifi yako achaji, wifi yako naye akaenda na watoto Mutuka msibani, akafunga. Mimi ndiyo nimeingia sasa hivi. Naiona, inachaji."

"Mpelekee, kaka. Ni uwanja tu."

"Nitampelekea. Nimepita pale dirishani, mama ametulia."

"Uliingia?"

"Nimepita dirishani. Dada kasema yuko salama."

Nikamwambia basi anunue yuniti, mama asilale gizani.

"Sina namba ya ile luku," akasema. "Ile ni yenu."

Namba imebandikwa kwenye mita. Mita iko ukutani kwa mama, nje, mahali anapopita kila siku kwenda bafuni kwake. Aliiweka yeye, ilishangiliwa na ukoo mzima, na namba yake hakuwa nayo. Nikamtumia mwenyewe. Alijibu asante. Hakununua, na simu hakuipeleka, kwa sababu aliitwa Mutuka usiku huohuo kusaidia mambo ya mazishi, akafunga mlango, simu ikabaki ndani ikiendelea kuchaji. Majirani wote wanaojua lugha yetu, wale ambao huwa wanapitia kumsalimia mama, nao walikuwa Mutuka. Aliyekufa alikuwa mtu wa kwetu.

Nilikaa na simu mkononi kazini, nikiwaambia wateja pole.

Ilipokuja ilikuwa asubuhi ya siku ya tatu, nimesimama kituoni Dar. Ni dada. Wametoka msibani, amepewa simu yake. Alikuwa anaongea haraka, anaomba radhi kwa makosa ambayo hayakuwa yake. Alisema mama amekataa uji, amekataa kugeuzwa, akigeuzwa analia. Alisema anadhani bibi amekata tamaa, labda niongee na kaka aitwe mchungaji. Nikanunua yuniti palepale, nikamtumia, nikasikia mita ikilia alipokuwa akibonyeza. Nikamwambia aniwekee mama.

Kwanza nilisikia pumzi tu. Nikamwita. Nikamwambia ni mimi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa, kama ya mtu aliyetoka kupiga kelele, na alisema jambo moja, akalirudia, akalirudia tena bila kungoja nijibu.

"Kuna kitu chini yangu kinanichoma. Nitoleeni."

Nikamwambia dada amgeuze upande wa kushoto na kufungua kanga aliyofungwa kiunoni, atazame kwenye mikunjo. Nikasikia kitanda. Nikasikia mama akilia, kilio kirefu, kisha akanyamaza. Dada alirudi kwenye simu baada ya muda.

"Ni kizibo, dada," alisema. "Kizibo cha chupa ya dawa. Kitakuwa kilidondoka nilipokuwa nampa dawa gizani. Kimeingia kwenye nyama."

"Alikuwa anasema hivyo tangu lini?"

"Hayo hayo tu tangu juzi. Mchana, usiku, maneno yale yale, ananiangalia usoni." Alikuwa ameanza kulia. "Mimi nilidhani anasali."